Swali Aliloulizwa Mama, Nikalijibu Mimi

Daktari alimtazama mama, akamwuliza, "Siku hizi unajisikiaje?"

Mama alifungua kinywa, akakifunga, kisha akanigeukia. Vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la gauni lake, vikilikunja na kulikunjua, kama afanyavyo fundi anayetafuta mahali pa kupitisha sindano. Kimya kile hakikuzidi sekunde tano. Nilikijaza mimi.

"Ni utu uzima tu, daktari," nilisema. "Umri umekwenda."

Daktari aliandika, akatupa cheti cha dawa za usingizi. Mama aliliachia lile pindo, akaweka mikono mapajani, na hakusema neno lingine mpaka tulipofika nyumbani.

Jambo hili lilitokea zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na tangu hapo yametokea mengi ambayo nitayaeleza. Hata hivyo, kilichoninyima utulivu wiki hizi za karibuni, hadi nikaona sina budi kuandika, si zile dawa wala si daktari yule, ambaye alikuwa na foleni ndefu mlangoni na alikuwa amepewa jibu na mtu aliyeonekana kulijua. Ni ule mkono ulioachia pindo. Nimeanza kuamini kwamba mama alikuwa karibu kusema kitu, na kwamba mimi, niliyempeleka hospitali kwa mapenzi yangu yote, ndiye niliyemzuia.

## Neno la heshima

Lugha yetu ina adabu kubwa kwa wazee. Tunakwepa kusema mtu amezeeka. Tunasema ni mtu mzima, amekula chumvi nyingi, umri umemtupa mkono. Tunayo hata methali isemayo kwamba utu uzima dawa. Kwa hiyo nilipotamka "ni utu uzima tu", sikuona kwamba nimemkosea mama. Nilidhani nimemstahi.

Lakini tazama kazi iliyofanywa na hilo neno dogo "tu". Mama hakuwa akila vizuri kwa miezi mitatu. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda hadi kunapambazuka. Alikuwa hapokei simu za mdogo wake, ambaye wamezungumza karibu kila siku maisha yao yote. Na alikuwa ameifunika cherehani yake, mashine aliyoiendesha tangu kabla sijazaliwa, akisema kila siku kwamba atashona kesho. Mtu wa miaka 35 akija na mambo hayo manne, hakuna atakayemwambia kuwa ni umri. Tutamwuliza amepatwa na nini. Kwa mama, mwenye miaka 76, umri ulikuwa jibu lililotangulia swali.

Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ndiye aliyeutungia jina la Kiingereza ubaguzi huu wa umri mwaka 1969, akiuweka katika fungu moja na ubaguzi wa rangi, na baadaye na wa jinsia. Nilipokutana na maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilifikiri yanawahusu watu wanaowadharau wazee. Sikufikiri kwamba ubaguzi huo unaweza kukaa ndani ya mtoto anayempenda mama yake, tena ukavaa vazi la heshima.

Mama naye hakunirahisishia kazi. Hakuwahi kusema kwamba ana huzuni. Alisema mwili hauna nguvu, kichwa kizito, chakula hakipiti, usingizi umemkimbia. Baadaye nilielezwa kwamba hivi ndivyo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inavyojitokeza kwa wazee wengi: machozi hayaonekani, ila mwili unalalamika na hamu ya mambo inakauka polepole. Sisi tunaosikiliza husema kwamba fulani "ana mawazo", kisha tukamshauri asiwaze sana, kana kwamba mawazo ni mzigo ambao mtu huutua kwa kuambiwa autue.

## Usiku wa kuanguka

Usiku mmoja, wiki ya tano tangu aanze vile vidonge, mama alianguka akielekea msalani. Hakuvunjika. Alipata uvimbe nyongani na woga wa kutembea gizani, na huo woga ulichukua muda mrefu kupona kuliko uvimbe.

Daktari aliyempokea safari hii alitaka kuona kila kidonge mama anachomeza, akavipanga juu ya meza, akakitenga kimoja. Dawa ile ya usingizi ilikuwa ya kundi la benzodiazepini, ambazo humtuliza mtu lakini kwa mzee huongeza hatari ya kuanguka na ya kuchanganyikiwa. Ni miongoni mwa dawa ambazo orodha iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mark Beers, na kuhuishwa mara nyingi tangu hapo, inashauri ziepukwe kwa wazee. Alituonya pia tusizikatize kwa siku moja. Zingepunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wake.

Kisha aliagiza vipimo vya damu. Tezi ya shingoni ikilegea, damu ikipungua, au vitamini B12 ikikosekana, mtu anaweza kuonekana kama mwenye sonona kumbe mwili ndio unaodai. Vipimo vya mama vilirudi vizuri. Ndipo alipotuandikia barua ya kwenda kwa mwanasaikolojia tiba.

Mama aliisoma ile barua mara mbili. "Mimi si mwendawazimu," alisema.

Nilimjibu ovyo ovyo, kwa sababu nami sikuwa na uhakika na tunakokwenda. Laiti ningemwambia hivi: kwamba mwanasaikolojia tiba ni mtaalamu aliyesomea namna akili na hisia zinavyofanya kazi na zinavyoumia, kwamba zana zake ni mazungumzo, vipimo na mazoezi, na kwamba haendewi na wenda wazimu peke yao, kama vile daktari wa mifupa haendewi na waliovunjika miguu yote miwili peke yao.

## Shikamoo, mama

Aliyetupokea alikuwa binti ambaye umri wake ungemtosha kuwa mjukuu wa mama. Alisimama, akasema, "Shikamoo, mama," akasubiri aitikiwe, ndipo akanisalimu mimi. Halafu akauliza sikio lipi la mama linasikia vizuri zaidi. Lilikuwa la kulia. Akahamisha kiti chake upande huo, akageuka hadi mwanga wa dirisha ukaangukia usoni mwake yeye, ili mama aweze kumtazama midomo anapozungumza.

Nimempeleka mama hospitali mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo.

Akamwuliza swali lilelile: "Siku hizi unajisikiaje, mama?"

Kimya kikaja. Pindo la gauni likashikwa. Nilihisi maneno yakinipanda kooni, na naapa nilikuwa nimeshafungua kinywa, wakati yule binti aliponigeukia na kusema kwa upole, "Nitaomba utusubiri nje. Mama akiridhia, nitakuita."

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini kwa dakika hamsini. Robo ya kwanza nilikuwa na hasira. Ni mimi ninayejua dawa zake, tarehe zake, anachokula na asichokula. Huyu mtoto angejua nini bila mimi? Baadaye hasira ikapoa na chini yake nikakuta kitu ambacho sikukitarajia, nacho ni woga. Niliogopa kwamba mama angesema jambo ambalo hajawahi kuniambia, na kwamba lingekuwa linanihusu.

Mtoto wa mgonjwa ni shahidi wa thamani. Ndiye anayejua hali ilivyoanza kubadilika na kwa kasi gani, na mwanasaikolojia aliniita wiki iliyofuata, mama akiwa ameridhia, akanihoji kwa undani. Lakini shahidi hapewi nafasi ya mwenye kesi. Mzee aliyezoea kusemewa huhitaji muda mrefu zaidi kuitafuta sauti yake, na muda huo una sura ya kimya, na kimya cha mzazi ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwa mtoto kuvumilia.

Mama alitoka akiwa amechoka, akaniambia tukiwa njiani kwamba alimwuliza yule binti, "Mwanangu, wewe utanifundisha nini mimi?" Naye alijibiwa, "Sijaishi uliyoyaishi, mama. Hayo utanifundisha wewe. Mimi nitaleta niliyosomea." Mama alilirudia jibu hilo mara mbili. Nadhani ndilo lililomrudisha wiki ya pili.

## Maswali 15

Miongoni mwa vitu vya kwanza alivyofanyiwa ni dodoso la ndiyo na hapana. Liliundwa mahsusi kwa ajili ya wazee na Jerome Yesavage na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiwa na maswali 30, kisha mwaka 1986 likafupishwa hadi 15. Sifa yake ni kwamba haliulizi juu ya usingizi, hamu ya chakula wala maumivu, kwa kuwa mambo hayo hubadilika kwa mzee kwa sababu nyingine nyingi. Linauliza kama mtu ameridhika na maisha yake, kama ameacha shughuli alizokuwa akizipenda, kama anahisi hana thamani. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Linaonyesha mahali pa kuchimba.

Alipimwa pia kumbukumbu. Hapa nilikuwa na hofu yangu ya siri, kwamba mama ameanza kupoteza akili, na mwanasaikolojia alinifafanulia jambo ambalo naona kila mwenye mzee nyumbani analihitaji. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, kwa saa au siku chache, ni dharura ya daktari. Huenda ni maambukizi, dawa, au upungufu wa maji mwilini, na si jambo la kusubiri miadi ya wiki ijayo. Demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huja polepole kwa miezi na miaka, na mara nyingi mwenyewe huificha au haioni. Mwenye sonona, kwa upande wake, mara nyingi huwa wa kwanza kulalamika kwamba anasahau, na akiulizwa hujibu "sijui" kabla hajajaribu. Mipaka hii si ukuta, kwa sababu sonona na demensia zinaweza kuishi ndani ya mtu mmoja, na ndiyo maana kazi ya kuzitenganisha haifai kufanywa na jirani wala na mtoto aliyesoma kurasa mbili.

Mama alisema "sijui" mara nyingi. Alipopewa muda, alijua.

Kuna swali jingine aliloulizwa siku hiyo, na ninalifahamu kwa sababu aliniambia mwenyewe miezi kadhaa baadaye, tukiwa tunakunja nguo. "Aliniuliza kama nimewahi kutamani kufa," alisema, bila kuacha kukunja. "Hakuna aliyekuwa ameniuliza."

Hakuniambia alijibu nini. Nilishika shuka upande wangu, yeye akashika upande wake, tukalikunja. Katika nchi nyingi viwango vya kujiua huwa juu zaidi kwa wazee, hasa wanaume, ilhali ni wao tunaoona haya kuwauliza, tukidhani swali litawapandikizia wazo. Wataalamu wamelichunguza hilo, na kuuliza hakupandikizi. Kwa mama, ilivyo, kulimwondolea upweke wa kulibeba jibu peke yake.

## Je, muda haujapita?

Nitakiri shaka yangu ya muda mrefu. Nilijiuliza: mtu mwenye miaka 76, aliyejengeka hivi alivyo, atabadilishwa na mazungumzo ya saa moja kwa wiki? Je, si afadhali tumwache apumzike?

Shaka hiyo ina ukoo. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeasisi tiba ya kuichimba akili kwa mazungumzo, katika mhadhara wa mwaka 1904, alieleza kwamba watu wanaokaribia au kupita miaka 50 hawana tena unyumbufu wa akili ambao tiba yake inauhitaji, na kwamba wazee hawafundishiki tena. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 48. Aliendelea kuandika na kuyarekebisha mawazo yake makuu hadi alipofariki mwaka 1939 akiwa na miaka 83, na sijui kama aliwahi kugundua kwamba maisha yake yalikuwa yanampinga. Mwanafunzi wake Karl Abraham alimpinga waziwazi zaidi mwaka 1919, alipoeleza kwamba kilicho muhimu ni umri ambao maradhi yalianza, kuliko umri wa mgonjwa anapoanza tiba. Lakini neno la mkubwa lilikuwa limeshatoka, na kwa miongo mingi wazee waliachwa nje ya mlango.

Ushahidi wa baadaye umeelekea upande wa Abraham. Utafiti ninaoutegemea zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2002. Wazee 1,801 wenye miaka 60 na zaidi, wote wenye sonona, waligawanywa katika makundi mawili kwenye kliniki 18 za kawaida. Kundi moja liliendelea na huduma ya siku zote. La pili lilipewa mhudumu maalumu aliyewafuatilia kwa mwaka mzima, wakichagua pamoja naye kati ya dawa na tiba fupi ya mazungumzo inayomfundisha mtu kulikabili tatizo moja kwa wakati mmoja. Baada ya miezi 12, asilimia 45 ya kundi la pili walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi. Katika kundi la kwanza ni asilimia 19.

Nimeziangalia namba hizo kwa pande zote mbili. Asilimia 45 ina maana kwamba zaidi ya nusu hawakufika hapo, na yeyote anayemwahidi mzee kwamba tiba hii itamfuta huzuni yote anamdanganya. Lakini tofauti kati ya 19 na 45 ni watu, na kila mmoja wao angeweza kuambiwa kwamba ni utu uzima tu.

## Wiki ya nne

Wiki ya nne mama alirudi akiwa amelia. Hakutaka kula, akaingia chumbani, na usiku nikamsikia akitembea. Wiki tatu za matumaini ziliniporomoka kwa jioni moja.

Asubuhi nilimpigia simu mwanasaikolojia, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nilimwuliza amemfanya nini mama. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema hawezi kunieleza kilichozungumzwa mle ndani. "Muulize mama," alisema. "Akitaka, atakuambia. Asipotaka, nitakuomba uwe karibu naye bila kujua."

Nilimwuliza. Mama alinitazama kwa muda, akasema, "Ni mambo yangu."

Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nguo zake nilizipanga mimi, fedha zake nilizitunza mimi, miadi yake ilikuwa kwenye simu yangu. Na sasa alikuwa na chumba kimoja maishani mwake ambacho mimi sikuwa na ufunguo wake.

Kuna maandishi ya Butler, yule yule wa ubaguzi wa umri, ya mwaka 1963, ambamo alipinga imani ya wakati ule kwamba mzee anayerudia rudia yaliyopita amechoka akili. Alisema ni kazi ya kawaida ya mtu anayeuona mwisho kwa mbali: anayapitia aliyoyaishi, ayapange upya, asamehe, aomboleze, akubali. Kazi hiyo huweza kumletea mtu amani, na huweza pia kumzamisha katika majuto, na ndiyo maana wengine huhitaji mwenzi wa kutembea naye. Baada ya kuyasoma hayo niliyaelewa machozi ya wiki ya nne kwa namna nyingine.

Sijaimaliza shaka yangu, hata hivyo. Siamini kwamba kila kidonda cha miaka 50 lazima kifunuliwe, na mtaalamu mzuri, kwa nilivyoona, haamini hivyo pia. Anaiacha hatua mikononi mwa mzee na anaweza kutumia miezi akishughulika na leo tu. Wala si kila huzuni ni ugonjwa. Anayemlilia mwenzi wake wa miaka 40 analia kwa sababu amempoteza, na huhitaji watu kabla ya kuhitaji tiba. Mstari uko wapi kati ya kuomboleza na kuzama, sijapata kanuni yake. Nimebaki na maswali ya kuuliza: je, bado kuna siku zinazopishana, moja nzito na moja nyepesi? Je, anaweza bado kuguswa na kitu chema?

## Mpiga piano na sindano

Sehemu ya tiba niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa daftari. Mwanasaikolojia alimchorea mama miraba mikubwa kwa kalamu nene, kila mraba sehemu ya siku, na mama akawa anaandika alichofanya na namba mbili kuanzia 0 hadi 10: kilikuwa kigumu kiasi gani, na kilimpa raha kiasi gani. Nilionyeshwa ukurasa mmoja. Uliandikwa, "Nimefunua mashine. Ugumu 9, raha 1." Siku iliyofuata: "Nimefuta vumbi. Ugumu 5, raha 2."

Nilipoona ile 1 nilitaka kukata tamaa. Mwanasaikolojia aliifurahia. Alieleza kwamba mtu mwenye sonona husubiri hamu ije ndipo afanye, na hamu haiji. Tiba humgeuzia mpangilio, akianza na tendo dogo ili hamu ifuate nyuma, hata kama ni kwa hatua moja kwa wiki.

Halafu likaja tatizo ambalo si la mawazo tu. Macho ya mama hayaoni tena tundu la sindano. Hilo ni kweli, na hakuna mazungumzo yatakayolifuta. Kwangu mimi hapa ndipo tiba ya wazee inapotofautiana na ya vijana: baadhi ya hasara ni za kudumu, na kumwambia mzee awaze vyema juu yake ni kumtukana.

Wanasaikolojia Paul na Margret Baltes wa Ujerumani walitoa jibu ambalo walipenda kulieleza kwa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea kupiga mbele ya watu hadi alipokaribia miaka 90. Alipoulizwa alivyomudu, alisema alipunguza idadi ya vipande anavyopiga, alivifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu za kasi alipiga polepole zaidi kuliko kawaida, ili kasi aliyobaki nayo isikike kubwa. Kuchagua, kunoa, kufidia.

Mama alichagua vifungo na mapindo, akaacha magauni. Alipanga kushona asubuhi tu, meza ikiwa dirishani. Sindano zinatungwa uzi kumi kwa mpigo na mtoto wa jirani kila Jumamosi na kuchomekwa kwenye mto mdogo, na mama huzitumia wiki nzima, moja baada ya nyingine. Alipoliona pindo la kwanza limekamilika alilishika kwenye mwanga, akalifumua, akalishona tena. Lilikuwa limepinda kidogo, na yeye hakubali kazi iliyopinda. Niliwahi kumwona hivyo zamani, na sikuwa nimejua kwamba nimemkosa mtu yule kiasi kile.

## Mabibi wa Harare

Wataalamu wa saikolojia ya wazee ni wachache karibu kila mahali, na najua wapo watakaosoma haya wakiuliza watampata wapi binti wa namna hiyo. Swali hilo ni halali. Sina jibu lake kamili, ila nina mfano ambao umenikaa moyoni.

Mwaka 2006, mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wanawake wazee 14, wahudumu wa afya wa jamii, kutoa tiba ya mazungumzo ya kutatua matatizo kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Hawakutumia majina ya magonjwa ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa damu wa "ana mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Waliokuja kutibiwa wengi wao hawakuwa wazee. Wazee walikuwa upande wa pili wa benchi.

Nimemsimulia mama habari hiyo. Aliuliza swali moja tu: mabibi wale, wao huzungumza na nani? Nilifurahi kumjibu kwamba nao hukutana wenyewe kwa wenyewe na kusimamiwa na walimu wao. Nilifurahi zaidi kwamba aliliona hilo kabla yangu.

## Kadi

Tiba ya mama ilikwisha baada ya vikao 16, vya mwisho vikiwa vimeachanishwa wiki mbili, kisha mwezi. Hali yake si ile ya miaka kumi iliyopita. Anaamka usiku bado, mara moja kwa wiki hivi. Anakula. Anapokea simu, na mdogo wake humchosha kama zamani.

Katika kikao cha mwisho waliandika kadi ya dalili za kuangalia, kwa sababu sonona ya uzeeni hupenda kurudi na ni rahisi kuizuia ikiwa bado mlangoni. Kadi ina mistari mitatu kwa herufi kubwa, mwandiko wa mama mwenyewe. Nikiamka kabla ya saa kumi alfajiri siku tano mfululizo. Nikiifunika mashine wiki nzima. Nikiacha kupokea simu ya mdogo wangu.

Chini yake kuna namba mbili za kupiga. Ya kwanza ni ya mwanasaikolojia. Ya pili ni yangu.

Alinionyesha kadi hiyo jioni, akasema anataka kuibandika kwenye kifuniko cha cherehani, mahali atakapoiona endapo ataifunika. Niliisoma hadi mwisho, nikaona mpangilio wa zile namba, na swali likanijia mdomoni. Sikuliuliza. Nilikwenda kumtafutia gundi.